Maoni ya wananchi yanapanda, majibu hayashuki: tatizo liko wapi hasa?

#1 Mto Lukosi

Kamwene wakuu.

Nyanda za Juu Kusini hatuna uhaba wa njia za kutoa maoni. Zahanati ina sanduku, halmashauri ina dawati la malalamiko, kijiji kina mkutano mkuu, mkuu wa wilaya ana siku ya kusikiliza kero. Kuna e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea maoni kwa simu, kupitia *152*00#, kuna 113 ya TAKUKURU, na kila mradi wa barabara una bango lenye namba ya simu. Kinachokosekana ni njia ya kurudi. Maoni yanapanda mlima, majibu hayashuki.

Tazameni sanduku lenyewe. La mbao, rangi ya bluu, kufuli dogo moja. Ufunguo anao mganga mfawidhi, yuleyule ambaye huenda ndiye analalamikiwa. Pembeni hakuna karatasi wala kalamu. Limetundikwa mkabala na dirisha la mapokezi, kwa hiyo anayetumbukiza anaonekana na benchi zima. Siku ya kufunguliwa haijaandikwa popote. Watu watano wakiandika leo, hakuna ukuta ambao jibu litabandikwa.

Msimamo wangu: kabla ya kutundika sanduku au kufungua namba ya simu, yajibiwe maswali manne. Nani anafungua, na siku gani? Nani ana mamlaka ya kutatua bila kuomba ruhusa? Fedha zinatoka fungu gani? Jibu linabandikwa wapi? Swali lolote likikosa jina la mtu na tarehe, sanduku lisitundikwe kwanza. Linawafundisha watu kwamba kusema hakuna faida, na somo hilo likishaingia kulitoa ni kazi.

Mnaozijua kazi hizi, tatizo kubwa ni lipi?

#2 Chai ya Mufindi

Nafuatilia. Umemsahau mwenyekiti wa kitongoji. Huyo ndiye sanduku la kwanza la kila mtu, anagongewa mlango saa kumi na mbili asubuhi. Hana daftari, hana bajeti, na hakuna anayemuuliza amepokea nini wiki hii.

#3 Bomba Kuu

Naunga mkono, ila njia ya kurudi haijengeki kama swali la kwanza limeulizwa vibaya. Nitumie maji, maana ndiyo kero inayosikika zaidi kwenye mikutano ya Kilolo, Njombe hadi Rungwe.

Miradi mingi ya huku ni ya mserereko, maji yanashuka yenyewe bila pampu. Juu mlimani kuna kidakio, yaani mahali maji ya chanzo yanapokingwa, bomba kuu linashuka hadi kwenye tangi, njiani kuna matangi madogo ya kupunguza presha, kisha mabomba ya kusambaza mpaka vituo vya kuchotea. Mwananchi akituma "maji hayatoki", fundi hajui abebe nini. Huenda koki ya kituo imekatika: hapo ni koki mpya, utepe wa kuzibia na spana, saa moja kazi imekwisha. Huenda bomba la plastiki limekatwa na jembe shambani. Huenda hewa imejikusanya pale bomba linapopita mgongo wa kilima. Huenda kidakio kimeziba kwa majani na mchanga baada ya mvua kubwa. Na kama ni Oktoba, huenda chanzo chenyewe kimepungua. Kero moja, safari tano tofauti.

Kwa hiyo fomu, meseji au menyu iulize mambo manne tu:

Namba ya kituo. Kituo cha jirani upande wa juu kinatoa au hakitoi? Tangu siku gani? Yalikatika ghafla au yalipungua kidogokidogo?

Swali la pili peke yake linamwokolea fundi nusu ya mwendo. Jirani wa juu anatoa: tatizo liko kati ya vituo hivyo viwili. Hatoi: panda moja kwa moja mpaka tangi. La nne linatenganisha koki na pasuko upande mmoja, uchafu na chanzo upande wa pili. Hewa inaweza kuangukia kokote, kwa hiyo fundi asiisahau.

Namba ya kituo ichorwe kwa rangi ya mafuta kwenye zege lenyewe, tarakimu ndefu kama kiganja. Kibao cha bati msikitumie, bati linang'olewa.

Jambo moja zaidi. Tangu sheria ya maji ya 2019, vijijini msimamizi ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, na mradi unaendeshwa na chombo cha watumia maji cha jamii. Mjini ni mamlaka ya maji. Barabara za wilaya ni TARURA, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Mwananchi hapaswi kuijua ramani hii. Anayepokea ndiye aijue. Neno "hilo si la ofisi yetu" lingepigwa marufuku mapokezini, na badala yake karani aandike, apeleke mwenyewe, ampe mtu namba ya kumbukumbu.

#4 Mwana Loleza

Bomba Kuu, somo zuri sana, lakini utakuwa na fomu nzuri isiyojazwa na mtu.

Hapahapa Njombe, shirika la Daraja liliendesha mwanzoni mwa miaka ya 2010 mpango ulioitwa Maji Matone. Mwananchi anatuma meseji kuhusu kituo kibovu, ujumbe unafikishwa kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vinafuatilia. Walilenga meseji 3,000. Zilizoingia nchi nzima ni 53. Wenyewe walitangaza hadharani kwamba umeshindikana, nawaheshimu kwa hilo, maana wengi huficha.

Kwangu sababu ni woga. Kwenye kijiji cha kaya mia nne, namba ya simu ni sawa na jina. Unayemlalamikia leo ndiye atakayekugongea muhuri wa barua ya utambulisho mwezi ujao unapotaka mkopo au kitambulisho. Mtu anapiga hesabu anaona bora achote kisima cha mbali.

Dawa ninayoijua: namba ya mtuma ujumbe ibaki kwa mpokeaji wa ngazi ya mkoa au taasisi nyingine, isishuke wilayani wala kijijini. Kinachoshuka ni namba ya kituo na aina ya kero. Na kero inayomgusa mtu mmojammoja ikusanywe kwanza, ipelekwe ikiwa na wasemaji watatu au zaidi, isijulikane nani alianza.

#5 Mama Makambako

Kaka Loleza, naomba nitofautiane. Woga haukupata hata nafasi ya kufanya kazi. Anayechota maji ni mama na binti. Simu iko mfukoni kwa baba, naye yuko kwa mafundi au shambani. Kituo chenyewe kiko bondeni, mtandao unashika ukipanda kilimani. Salio la kutuma meseji nalo ni la kutafuta. Hesabu vikwazo hivyo kabla hujafika kwenye woga.

Wafuateni akina mama walipo tayari. Siku ya kliniki ya watoto wanakaa kwenye benchi saa mbili, tatu. Mashine ya kusaga ni vilevile, na gulio. Muulizaji asiwe nesi wa zahanati hiyo wala jamaa ya mwenyekiti, na aulize kwa mdomo, maswali yasizidi matano. Karatasi ya kujaza inawaacha nje wasiosoma vizuri, na hao ndio huduma mbovu inawaumiza zaidi.

Kwenye mkutano wa kijiji saa pia ina maana. Mkutano wa saa tisa unakwenda mpaka jua linazama, akina mama wanaondoka saa kumi na moja kuwasha moto, na kura za vipaumbele zinapigwa saa kumi na moja na nusu. Halafu muhtasari unasema "wananchi waliamua".

#6 Kiwira Baridi

Mwagonile. Sahihisho kwa #4: hizo meseji 53 ni za kipindi cha majaribio kwenye maeneo machache, si za nchi nzima. Bado ni chache mno, ila tusizitaje kama takwimu ya taifa.

Na kuna maelezo mengine hamjayagusa. Watu hawakuona kwamba kitatokea kitu. Linganisheni na Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni kwa simu wa shirika la Twaweza, ulioanza miaka hiyohiyo. Walichagua kaya kama 2,000 kwa sampuli, wakagawa simu na chaja za jua, halafu wao ndio wakawa wanapiga simu. Watu walijibu. Nchi ni ileile, na hofu ni ileile. Tofauti ni nani anaanza mazungumzo. Serikali ikikaa inasubiri, inawasikia wenye salio, wenye hasira na wenye muda. Ikipiga yenyewe, inamsikia pia aliyekata tamaa.

#7 Mwana Loleza

#6 nimekubali sahihisho, asante. Lakini Sauti za Wananchi wanauliza maoni ya jumla, hawamwulizi mtu kuhusu mtendaji wake kwa jina. Jaribu kuuliza hilo kwa simu uone ukimya. Nabaki na woga wangu.

#8 Mzee wa Baraza

Vijana, mnajadili mdomo wa sanduku wakati tatizo ni kalenda.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bunge la bajeti linaanza Aprili. Kabla ya hapo Baraza la Madiwani limeshapitisha bajeti yake katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na kabla ya baraza, wataalamu wameshaingiza mipango kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Rudini nyuma: mpango wa kijiji unatoka vitongojini, unapita Halmashauri ya Kijiji, unaridhiwa na mkutano mkuu, unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ufike wilayani. Ili ufike kwa wakati, kijiji kiwe kimemaliza mwezi wa kumi, wa kumi na moja ukizidi sana.

Maoni ya Machi yanaangukia bajeti ya mwaka wa kufuata. Mwananchi anasubiri zaidi ya mwaka bila kuelezwa, anahitimisha kwamba amepuuzwa, wakati karatasi yake haikupotea, ilichelewa basi.

Huku kwetu kuna ugumu wa ziada. Novemba mvua zinaanza, kila mtu yuko shambani na mbegu. Kuitisha mkutano wa mipango wiki hizo ni kutafuta akidi isiyopatikana. Mwafaka ni Agosti na Septemba, mahindi yameshavunwa, njia zinapitika.

La pili ni ukomo wa bajeti. Mpango shirikishi wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ulileta nidhamu nzuri ya kuanzia kijijini, lakini kijiji kisipoambiwa kiasi cha fedha kilichopo, kinaandika kila kitu: zahanati, daraja, umeme, kisima, nyumba za walimu. Wilayani inafika orodha ndefu, mtaalamu anachagua mwenyewe. Bora kusema mapema: "mwaka huu uwezo ni mradi mmoja wa ukubwa huu." Hapo watu wanajadiliana kweli.

#9 Chai ya Mufindi

Mzee shikamoo. Hapo kwenye kuchelewa basi umenifungua macho. Ila mikutano mikuu si ya kila mwezi? Mtu akikosa wa Oktoba si anausubiri wa Novemba?

#10 Mzee wa Baraza

Marahaba. Hapana, mwanangu. Halmashauri ya Kijiji, wajumbe 15 hadi 25, ndiyo hukutana kila mwezi. Mkutano mkuu, wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, ni kila miezi mitatu. Ndivyo mfumo wa Sheria Na. 7 ya 1982, ile ya serikali za mitaa ngazi ya wilaya, unavyokwenda. Ukikosa mmoja, robo mwaka imekwenda. Ndiyo maana nasema kalenda.

#11 Mama Makambako

Mzee umenena. Niongeze namna ya kuchagua huo mradi mmoja, maana kunyoosha mikono kunawapa ushindi wenye sauti.

Chukua makopo matupu, moja kwa kila pendekezo, yasizidi sita. Bandika picha mbele ya kila kopo: bomba, daraja, kitanda cha kujifungulia. Kila mtu apewe maharage matano, wanawake wapewe ya rangi moja na wanaume rangi nyingine. Makopo yakae nyuma ya pazia au ndani ya darasa, mtu aingie peke yake. Anaweza kuweka yote matano kopo moja au kuyagawa. Mkimaliza, hesabuni mbele ya watu, rangi kwa rangi. Wanawake wakiwa wameweka maji na wanaume barabara, mnaliona hapohapo na mnalizungumza, badala ya kulifunika kwa neno moja la "wengi".

Hitilafu mbili hutokea. Watu kubeba maharage ya nyumbani, kwa hiyo tumia aina ambayo msimu huo haipo kijijini. Na wanaochelewa kupewa pungufu, kwa hiyo ugawaji uishe kabla ya kura ya kwanza.

#12 Chai ya Mufindi

Mama Makambako, kwa Mufindi hilo la maharage tutapiga kura kisha tuyapike. 😀 Lakini nimelichukua, ni zuri.

#13 Kiwira Baridi

Dada, hata Porto Alegre kule Brazili walioanza bajeti shirikishi mwaka 1989 hawakuwa na makopo. Ila walikuwa na kitu sisi hatuna: kila mwaka walichapisha kitabu cha mradi uliokubaliwa mtaa kwa mtaa, mtu anakwenda kukagua. Fedha za uwekezaji zilipopungua ahadi zikawa hazitekelezwi, watu wakapoa, na mwaka 2017 mchakato ukasimamishwa. Mkutano mzuri usio na fedha nyuma yake unakufa hata kwa waasisi wake.

#14 Rejista Safi

Nirudi kwa #6, kwamba serikali ianze yenyewe. Kuna mfano unaofaa kuigwa kwa gharama ndogo.

Wilaya ya Jhang, jimbo la Punjab, Pakistani, mwaka 2008. Mratibu wa wilaya, Zubair Bhatti, aliagiza idara zimpelekee namba za simu za watu waliohudumiwa, mfano waliosajili ardhi. Akawa anawapigia baadhi yao kuwauliza: ulihudumiwaje, uliombwa chochote? Maafisa walipojua kwamba mteja yeyote anaweza kupigiwa kesho, mwenendo ukaanza kubadilika. Jimbo baadaye likaufanya mpango mkubwa kwa simu za kurekodiwa na meseji.

Kwa halmashauri ya kwetu hesabu ni hii. Kituo cha afya chenye wagonjwa 300 kwa wiki: chagua kila wa kumi kwenye rejista, upate 30. Wengine hawatapokea, wengine namba imekosewa. Lengo ni mazungumzo 20. Kila simu dakika nne, maswali matatu: ulipata dawa ulizoandikiwa? Ulilipa nini na ulipewa risiti? Ulisubiri muda gani? Mtu mmoja anamaliza kwa siku mbili za nusu siku.

Yanayoharibu: kituo kikichagua chenyewe nani apigiwe, kitatoa ndugu. Mpigaji achague kwenye rejista. Na namba za uongo zikizidi ghafla kwenye kituo kimoja, hiyo nayo ni taarifa.

#15 Sheria na Haki

Rejista Safi, tahadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023. Huwezi kuchukua namba ya mgonjwa kwenye rejista ya matibabu ukaipeleka ofisi nyingine hivihivi. Mapokezi yamwambie mtu wazi namba yake inaweza kutumika kumuuliza kuhusu huduma, akubali au akatae, na jibu liwekwe kwenye safu yake. Mpigaji apewe namba na tarehe tu, asione ugonjwa.

Na wananchi wanaotaka majibu kwa maandishi wakumbuke Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

#16 Bomba Kuu

Hiyo ya 2016 si inatoa siku 14?

#17 Sheria na Haki

Siku 30 tangu ombi lipokelewe. Ndiyo maana nasisitiza muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Bila huo siku hazina pa kuanzia.

#18 Kipengere

Mnapita karibu na jambo hamlishiki. Jiulizeni: afisa anapimwaje?

Mkuu wa idara akiwa na kero 80 kwenye ripoti na mwenzake ana 3, kikaoni anayesimamishwa ni wa 80. Mwezi unaofuata wote watakuwa na 3. Kero hazijapungua, daftari ndilo limefungwa. Mfumo unaohesabu wingi wa malalamiko kama aibu unajiua wenyewe. Kwenye miezi ya mwanzo malalamiko kupanda ni dalili kwamba watu wameanza kuamini.

Vipimo vinavyofaa ni viwili. Muda kutoka kupokelewa hadi jibu la kwanza. Na idadi ya kero ambazo mlalamikaji mwenyewe amesema zimekwisha. Neno "imefungwa" asiliandike afisa. Ofisi ipige simu: "tatizo la kituo namba 14 limekwisha?" Akisema hapana, kero inafunguka upya na tarehe yake ileile ya mwanzo, isianze kuhesabiwa upya. Hapo tu ndipo ujanja unapofanyika, kwenye kufunga na kufungua kama mpya.

Halafu mtenganishe kero tangu siku ya kwanza kwa rafu nne. Inayomalizwa na kituo bila fedha, mfano kuchelewa kufungua: siku 7. Inayohitaji fedha ndogo za kituo, mfano koki au balbu: siku 14. Inayosubiri bajeti ya halmashauri: jibu ndani ya siku 30 likitaja bajeti ya mwaka gani. Iliyo juu ya halmashauri, mfano bei au sheria: jibu ndani ya siku 30 likitaja ilikopelekwa. Mtu akiambiwa mapema "hii ni rafu ya tatu", anavumilia. Asipoambiwa, hata ya siku 7 anaiona ya mwaka.

#19 Mto Lukosi

Kipengere, hiyo ya rafu nne ndiyo njia ya kurudi niliyokuwa naitafuta. Shukrani.

#20 Upenuni

Na jibu likishapatikana, libandikwe wapi? Nimesubiri mtu aulize.

Karatasi ya A4 kwenye ubao wa nje, Tukuyu, inaishi siku mbili. Mvua inaivimbisha, wino unatiririka, kilichobaki ni pini. Ubao wenye kioo na kufuli nao una shida yake, ufunguo unapotea na tangazo la mwaka juzi linabaki ndani. Kinachodumu ni ubao mweusi wa chaki, mita moja kwa moja na nusu, chini ya upenu, ukutani mwa duka au mashine ya kusaga, si ofisini ambako mtu hana sababu ya kwenda. Herufi zisomeke ukiwa umesimama hatua nne. Safu tatu tu: "Mlisema", "Tumefanya", "Bado, kwa sababu". Mistari isizidi kumi. Abadilishe mtendaji kila Ijumaa, tarehe ikae juu.

Safu ya tatu ndiyo inayoogopwa na ndiyo inayojenga imani. "Bado, bomba la inchi mbili limeagizwa, litafika wiki ya pili ya Juni" linamtosha mtu kuliko "tunalifanyia kazi".

#21 Kiwira Baridi

Upenuni, nimefurahi. Uingereza walitengeneza FixMyStreet mwaka 2007, ripoti ya shimo la barabarani inaonekana hadharani kwenye ramani, na jirani anayeona shimo lilelile hana haja ya kuripoti upya. Ubao wako ni kitu kilekile, kwa chaki.

#22 Mwalimu Ipogolo

Nimesoma yote. Naona kila mmoja ana imani kwamba wananchi wakisikika na wakijibiwa, huduma itapona. Ushahidi si mwepesi hivyo.

Uganda, watafiti Björkman na Svensson walichapisha mwaka 2009 matokeo ya vituo 50 vya afya katika wilaya 9. Wananchi na watumishi walikaa pamoja, wakapewa taarifa za kituo chao, wakaandika makubaliano, wakafuatilia. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Dunia nzima ikainukuu. Baadaye utafiti mwingine ukarudia wazo hilohilo hapohapo Uganda kwenye vituo 376. Ubora wa huduma uliongezeka kidogo, vifo havikuonesha kupungua, na hakukuwa na dalili kwamba wananchi walianza kuwabana watumishi zaidi.

Kama kituo hakina watumishi wa kutosha na bohari haina dawa, kumbana nesi mmoja aliye zamu hakuleti dawa. Mtu anasikilizwa vizuri na anarudi nyumbani mikono mitupu.

#23 Kipengere

Mwalimu, hoja nzito. Ila utafiti wa pili ulikuta vituo vikiwa tayari na hali bora kuliko vile vya mwanzo, miaka ilikuwa imepita. Pa kupandia palikuwa padogo.

#24 Mwalimu Ipogolo

Huenda. Na huenda ule wa kwanza ulibahatika na sampuli ndogo. Vyote viwili viko mezani.

#25 Mzee wa Baraza

Mwalimu amenikumbusha jambo nje kidogo ya mada. Kusikiliza si kuhesabu vichwa tu. Tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991 ilipozunguka nchi, takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Ilisoma sababu ndani ya maoni: wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa. Daftari la kero likisomwa kwa jumla ya mwisho tu, sababu zinapotea. Kero moja ya mtu mmoja kuhusu daraja lililooza ina uzito kuliko arobaini za kelele za muziki.

Na tusijione wapya. Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ya kwanza Afrika kwa kazi ya kupokea malalamiko dhidi ya watumishi. Leo kazi hiyo iko chini ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

#26 Mwana Loleza

Mzee, kero ya daraja haina woga kwa sababu daraja halina muhuri. Ngoja mtu alalamikie mwenye muhuri.

#27 Rejista Safi

Kwa aliyetaka kuanza wiki hii, daftari la kaunta linatosha, hakuna haja ya programu. Piga mistari kurasa mbili zilizofunguka: namba ya kumbukumbu, tarehe, kitongoji, kero kwa maneno ya msemaji mwenyewe, rafu ya 1 hadi 4, jina la mwenye jukumu, tarehe ya ahadi, tarehe ya jibu, mlalamikaji amethibitisha ndiyo au hapana. Jina na simu ya mlalamikaji viwe kwenye daftari la pili, vinaunganishwa kwa namba ya kumbukumbu tu. Daftari la kwanza lisomwe kila kikao cha Halmashauri ya Kijiji. La pili lisitoke kabatini. Hapo Loleza amepata nusu ya anachotaka.

"Maneno ya msemaji mwenyewe" nasisitiza. Karani akiandika "changamoto ya maji", swali la Bomba Kuu la jirani wa juu limekufa.

#28 Mto Lukosi

Na sanduku? Ufunguo akae nao nani?

#29 Mama Makambako

Kufuli mbili. Moja mganga mfawidhi, nyingine mjumbe mwanamke wa kamati ya usimamizi wa kituo ambaye si mtumishi. Lifunguliwe Ijumaa ya kwanza na ya tatu saa nne asubuhi, benchi likiwa na watu, karatasi zihesabiwe kwa sauti kabla ya kusomwa, idadi iandikwe ubaoni hapohapo. Zikiwa sifuri, iandikwe sifuri.

#30 Mwana Loleza

Na lihamishwe kutoka mbele ya dirisha la mapokezi. Likae njia ya chooni, kila mtu anapita huko na hakuna anayeuliza unakwenda kufanya nini.